Naomba ushauri: tuzo za vitabu zinazoamuliwa kwa kura za wasomaji

Ndugu wasomaji, naomba ushauri kuhusu uzito wa kuzipa tuzo za vitabu zinazoamuliwa kwa kura za umma, hasa Goodreads Choice Awards, za mtandao wa wasomaji uitwao Goodreads, zilizoanza mwaka 2009. Katika kundi letu la usomaji, wapo wanaotaka tuchague vitabu humo kwa kuwa anayesema ni msomaji wa kawaida. Wengine, nami naegemea kwao, wanaitilia shaka kura ambayo mtu anaweza kuipiga bila kufungua hata ukurasa mmoja, ilimradi jalada au jina la mwandishi limemvutia. Hata hivyo, jopo la majaji wa tuzo ya riwaya ya Booker nalo ni watu wachache, na ladha yao (tuseme ukweli) si ya kila mtu. Je, tuzo za Hugo za hadithi za kisayansi na fantasia, ambazo wapiga kura wake hulipia uanachama wa Worldcon (kongamano la mashabiki wa hadithi hizo), zina afadhali? Ninyi huzichujaje orodha hizo?