Seva ya kwanza ya mwanafunzi: nano au Vim?

Sindano: Wakuu, hoja ni moja. Mwanafunzi anayeingia kwenye seva ya Linux kwa mara ya kwanza afundishwe edita ipi, yaani programu ya kuhariri faili? Nasema nano. Amri zimeandikwa chini ya skrini: Ctrl+O kuhifadhi, Ctrl+X kutoka. Vim inamvizia tu. Anaandika `git commit` kuhifadhi mabadiliko ya msimbo wake, inafunguka bila hodi, anagusa herufi mbili na mstari umefutika. Dawa ya kuiambia Git itumie nano: `git config --global core.editor nano`. Kwenye Debian ongeza `sudo update-alternatives --config editor`.

Hjkl: Nano ni baiskeli ya magurudumu matatu. Kontena ya Alpine, ile Linux ndogo kabisa, inakuja na vi (mzazi wa Vim) ya BusyBox, nano haimo. Hapo mwanafunzi wako atalia na nani? `i` kuandika, Esc, `:wq` kuhifadhi na kutoka, `:q!` kutoka bila kuhifadhi. Akishazoea, `ci"` inafuta kilichomo ndani ya alama za kunukuu na kumwacha tayari kuandika. Emacs, edita ya kubonyeza vitufe vingi kwa pamoja, siitaji, maana tunazungumzia watu wenye vidole vitano kila mkono.

MabanoMengi: Vidole? Amri za Emacs zilizoeleka enzi za kibodi za mashine za Lisp, kompyuta za zamani za lugha hiyo, ambako Ctrl ilikaa jirani na kitufe cha nafasi. Waliohamisha Ctrl wakaitupa pembeni ndio uwalaumu. Kwenye X11 (mfumo wa madirisha wa Linux), `setxkbmap -option ctrl:nocaps` inageuza Caps Lock kuwa Ctrl, kidole kidogo kinapumzika. Na seva haiwekewi edita yoyote: ndani ya Emacs, C-x C-f (Ctrl+X, Ctrl+F) ya kufungua faili, kisha `/ssh:jina@seva:/srv/app/config.yml`, unahariri ukiwa kwenye mashine yako. Tena afadhali sisi kuliko edita inayoombaomba kwa jina la watoto maskini wa Uganda kila ikifunguliwa.

RootWaMasaka: Ebu ngoja hapo, bwana. Inayoombaomba? Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim mwaka 1991, alikwenda Kibaale, kusini mwa Uganda, akajitolea kwenye mradi wa watoto, kisha akafungamanisha programu yake na mradi huo hadi alipofariki 2023. Leseni inasema tumia bure, ukiguswa changia. Andika `:help uganda` usome mwenyewe. Emacs yako imesomesha nani?

MabanoMengi: Sijamtukana marehemu. Nimeuliza kwa nini nchi nzima itambulishwe kwa neno "maskini" mbele ya kila mtengeneza programu duniani.

RootWaMasaka: Hukuuliza, ulikejeli. Soma ulichoandika.

Dada Pipa: Na wote mnakosea. Maneno hayo ya watoto wa Uganda si ya kila ikifunguliwa. Yanatokea ukianzisha Vim bila jina la faili, tena yanapokezana na mstari wa kufadhili uendelezaji. Yakikuchoma, weka `set shortmess+=I` ndani ya `~/.vimrc`, skrini ya salamu inapotea.

Hjkl: Kuificha ndiyo dharau yenyewe.

Dada Pipa: Kaka, ni mstari mmoja wa mipangilio, si mkataba wa kimataifa.

Bofya: Mnagombea salamu, watu wanafanya kazi kwenye VS Code. Kiendelezi cha Remote SSH kinakuunganisha na seva, unafungua folda, kwisha.

Sindano: Kwisha kweli, kwisha kwa RAM. Inapakua seva yake kwenye `~/.vscode-server`, na kima cha chini wanachotaja ni GB 1. Kwenye mashine ya MB 512 kerneli (kiini cha Linux) inaanza kuua michakato, na inayouawa inaweza kuwa hifadhidata. Ila swali langu bado halijajibiwa! Vim ya zamani ukiibandikia YAML (faili ya mipangilio inayotegemea nafasi za mwanzo wa mstari) inageuka ngazi, kila mstari unazidi kuingia kulia, kwa sababu inaongeza nafasi zake juu ya zako. Mwanafunzi atajuaje?

Hjkl: `:set paste` kabla, `:set nopaste` baada. Vim mpya kwenye terminali nzuri zinatambua zenyewe. Haya, nano yako ikikatika mtandao katikati ya kazi?

Sindano: Kwa kawaida inajaribu kuacha faili yenye `.save`.

Mgeni77: Samahani wakubwa, nimeingia na shida. Nimebonyeza Ctrl+Z nikidhani inarudisha nyuma, Vim ikapotea. Nimeifungua tena faili ileile, inaandika onyo la E325 na maneno mengi. Nibonyeze E, nihariri hivyohivyo?

Dada Pipa: Usiguse E! Vim ya kwanza haijafa, imelala. Bonyeza Q utoke, andika `jobs`, kisha `fg`. Utaikuta na kazi yako, `:wq`. Ingekuwa imekufa kweli ungechagua R (kurejesha), uhifadhi kwa jina jingine, ulinganishe kwa `diff`, ndipo ufute ile `.swp`, faili ya akiba ya Vim.

Mgeni77: Imerudi. Asante dada.

MabanoMengi: Kwenye Emacs pia Ctrl+Z inalaza, dawa ni `fg` hiyohiyo.

Hjkl: Nani kakuuliza?