Tumeuziwa Ithaneti ya mega kumi Lamu, tunapewa E1 nne zinazokufa kila bamvua

Wadau, nisameheni kwa urefu. Miezi mitano nimevumilia, nimeandika barua pepe kwa adabu, nimepiga simu mpaka wale wa huduma kwa wateja wanaijua sauti yangu kabla sijajitambulisha. Leo nimechoka.

Mimi ndiye ninayetunza mtandao wa duka moja la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Amu, yaani mji wa Lamu, hatua chache kutoka gatini. Saruji, mabati, mbao, rangi. Stoki na invoisi zote ziko kwenye seva ya makao makuu Mombasa, kwa hiyo laini ikilala hatuuzi hata kilo ya misumari. Kampuni moja ya mawasiliano, ambayo jina lake nalihifadhi kwa sasa, ilituuzia laini ya Ithaneti kutoka Lamu moja kwa moja hadi Mombasa, mega kumi (megabiti kwa sekunde, Mbps) kwenda na mega kumi kurudi. Mtu wao wa mauzo alituapia kwamba ni kama kuvuta kebo moja kutoka swichi yetu hadi swichi ya kule. Tukamwamini, tukatia saini.

Sasa sikilizeni yaliyotokea Jumanne moja. Nahodha wa Faza, mtu mzima wa makamo ya baba yangu, amenunua mifuko 60 ya saruji na mabati 20, amelipa yote. Punda wako mlangoni na matandiko yao, vijana wa kupakia wameshavua mashati. Stoo haitoi mali bila invoisi iliyochapishwa, ndiyo sheria ya duka. Dada wa kaunta anabonyeza, kiduara kinazunguka. Anabonyeza tena, kinazunguka. Saa kumi kasoro dakika chache, maji yamejaa, jahazi linaelea vizuri. Mzee ananiangalia mimi, si kompyuta. "Mwanangu, nipe mali yangu niondoke. Maji yakianza kutoka nitalala hapa na saruji yangu juu ya mchanga." Tukaandika kwa mkono, tukakosea msimbo wa bati, na hesabu ya stoki ikachukua siku mbili kurudi sawa. Aliyekaripiwa na bosi ni mimi na yule dada. Kampuni haikukaripiwa na mtu.

Nina daftari. Kila laini inapokata naandika saa na dakika. Wiki ile: Jumatatu saa tisa na robo, Jumanne saa kumi kasoro dakika tatu, Jumatano saa kumi na dakika arobaini. Inakaa chini nusu saa, pengine dakika arobaini, halafu inarudi yenyewe kama hakuna kilichotokea. Wiki iliyofuata haikukata hata mara moja. Kisha ikaanza upya. Nilipowauliza wakasema ni stima. Mara nyingine wakasema ni ruta yetu, tukanunua ruta mpya kwa pesa zetu. Halafu wakabadilisha kile kiboksi chao kinachounganisha swichi yetu na redio ya mnarani, mara mbili.

Jibu nilikuja kulipata gatini, si ofisini. Nilikuwa nangoja boti ya kwenda Mokowe, natazama maji yalivyofunika ngazi za gati mpaka zikabaki mbili tu juu, na simu ikalia: "Kaka, laini imekata." Nikafungua daftari palepale. Kila siku hitilafu inasogea mbele kiasi cha dakika arobaini, hamsini, na inakuja siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu. Mtoto yeyote wa Amu anajua hayo ni mambo ya nani. Ni bamvua, maji makubwa. Tangu siku hiyo naandika na idadi ya ngazi zinazoonekana. Zikibaki mbili au pungufu, laini inakufa. Siku za maji mafu, bahari inapojaa kidogo tu, iko hai siku nzima.

Na hili si fumbo kwa mtu wa redio, maana laini yetu inavuka bahari kwa mikrowevu kutoka mnarani. Mawimbi ya mikrowevu yakivuka maji hufika kwa njia mbili: moja inanyooka toka antena hadi antena, nyingine inagonga uso wa bahari ndipo inafika. Maji yakipanda, urefu wa ile njia ya pili unabadilika, na ukifikia kiasi fulani mawimbi mawili yanakutana yakipingana, yanauana. Dawa yake inajulikana miaka mingi. Unafunga antena mbili upande wa kupokea, moja juu na nyingine chini yake, ili mawimbi yakiuana kwenye moja nyingine iendelee. Au unaiweka antena mahali ambapo jengo au nchi kavu inakinga lile eneo la baharini mawimbi yanapogonga. Mnara wetu una sahani moja, inatazama bahari tupu, na mwenye macho anaiona kutoka barabarani.

Lakini tuje kwenye uongo wenyewe, maana bahari haijaniuzia kitu.

Fundi wao alipokuja kutoka Mombasa kubadilisha kiboksi, nilisimama nyuma yake. Upande wa mbele kuna tundu moja la Ithaneti, ndilo linaloingia kwenye swichi yetu. Upande wa nyuma nikaona nyaya nne za E1 zinazokwenda kwenye redio. Nne. Nikamuuliza, "Bwana, hizi ndizo zinazobeba mega kumi yetu?" Akainamisha kichwa akaendelea kukaza skrubu.

Kwa wasiozijua, E1 ni laini ya kubebea simu za sauti. Ina kasi ya 2.048 Mbps, imegawanywa vyumba 32 vya 64 kbps, na chumba kimoja huliwa na mpangilio wa laini yenyewe. Kwa data inabaki 1.984. Zidisha kwa nne: 7.936. Hapo kiboksi hakijachukua sehemu yake ya kufungia na kufungua fremu, yaani vifurushi vya data vya Ithaneti. Ili upate mega kumi unahitaji E1 sita, maana hata tano zinaishia 9.92. Kwa hiyo siku ile laini iko nzima, jua linawaka, maji mafu, bado hatupati tulichonunua na hatujawahi kukipata. Mimi napima 7.5 kwa bahati nzuri. Na bili inakuja ya kumi, kila mwezi, bila kuchelewa hata siku moja.

Tena kiboksi chenyewe ni cha aina duni. Kinagawa data kwenye zile E1 nne, na moja ikiyumba zote zinaanguka pamoja. Viko vifaa vinavyojua kuitoa ile mbovu na kuendelea na tatu zilizobaki, mteja akapungukiwa kasi lakini asikatikiwe. Vya kwetu havijui.

Halafu kuna taa. Hii ndiyo iliyonitoa machozi ya hasira. Redio ikifa kule juu, taa ya lile tundu la Ithaneti inabaki kijani. Kiboksi hakizimi tundu lake. Ruta yetu inaona kijani, inaamini njia iko, inaendelea kumwaga data kwenye shimo, na modemu ya akiba ya 4G niliyoifunga kwa ajili ya siku kama hizo inakaa bure pembeni. Nimelazimika kuandika programu ndogo ya kupigia pingi (ujumbe mdogo wa kujaribu njia) seva ya Mombasa kila sekunde tano ili ihamishe njia. Kazi hiyo ilikuwa yao. Ithaneti ya watoa huduma ina utaratibu wake wa kuangalia uhai wa njia kutoka mwisho hadi mwisho, IEEE, wale wanaoweka viwango vya Ithaneti, waliuweka kwenye kiwango cha 802.1ag tangu 2007.

Na kwa sababu wanapima taa ileile, ripoti yao ya mwezi uliopita imesema laini ilikuwa hai kwa asilimia 100. Mkataba unaahidi 99.5, yaani kwa mwezi wa siku 30 isizidi saa 3 na dakika 36 chini. Daftari langu lina saa 11. Nilipowatumia kurasa zake wakanijibu, "Ndugu mteja, mfumo wetu hauonyeshi hitilafu."

Liko na lingine dogo lililonisumbua zaidi ya wiki mbili. Tunapitisha simu za mezani na kompyuta kwenye laini moja, kila kundi na tagi yake ya VLAN, alama ndogo inayotenganisha makundi ndani ya laini moja. Watu wanaingia kwenye mfumo bila shida, orodha fupi zinafunguka, lakini invoisi ndefu inaganda. Nikapima: pingi ya baiti 1468 inapita, ya 1469 inapotea kimya. Hesabu yake ni rahisi. Fremu kamili ya Ithaneti ni baiti 1518, ukiweka tagi inakuwa 1522, na kiboksi chao kinatupa chochote kinachozidi 1518; pingi ya 1468 ikishavishwa vichwa vyake na tagi inafika 1518 kamili. Mkataba hausemi lolote juu ya tagi wala ukubwa wa fremu. Kama wangetukabidhi laini na ripoti ya vipimo vya RFC 2544, utaratibu unaojulikana wa kupima laini, tungeuona upungufu wa kasi siku ya kwanza. Na hata vipimo hivyo kwa saizi zake za kawaida vinaishia 1518, kwa hiyo mwenye tagi adai na 1522 ipimwe. Sisi hatukupewa ripoti yoyote. Tulipewa fomu ya kusaini kwamba taa imewaka.

Msinielewe vibaya. Sina ugomvi na mtandao wa zamani. Kupitisha Ithaneti juu ya mitambo ya simu ni kazi halali, na ikifanywa na mtu mwenye haya hutaijua tofauti. Kwenye SDH, mfumo wa mitambo ya simu unaobeba laini nyingi pamoja, unaunganisha vyombo vya VC-12 vitano tu, kila kimoja na nafasi ya 2.176, unapata 10.88 Mbps, mega kumi imetosha na chenji. Fremu unazifunga kwa utaratibu uitwao GFP, na kwa mwingine uitwao LCAS unaongeza au kupunguza vyombo huku laini inafanya kazi. Hata kwa nyaya za shaba za simu, kiwango cha 802.3ah cha 2004 kinaruhusu kuunganisha jozi kadhaa zikawa laini moja ya Ithaneti. Faiba ikichelewa kutufikia tutangoja, tumezoea kungoja huku. Ninachokataa ni kuuziwa E1 nne kwa jina na bei ya kitu kingine, halafu nikiuliza nionekane mjinga.

Ninachodai kimeandikwa kwenye barua niliyowapelekea jana: waniambie kwa maandishi laini yangu inapita kwenye nini kutoka dukani hadi Mombasa; waongeze E1 mbili au washushe bili iwe ya kasi ninayopata; antena ya pili ifungwe kabla ya miezi miwili; fremu ya 1522 ipite; na zile saa 11 zirudishwe kwenye bili. Nakala nimeiweka tayari kwa Mamlaka ya Mawasiliano, maana ukishamlalamikia mtoa huduma wako asikusikie, ndiko unakopeleka.

Ninyi wa Mokowe, Shela na hapa mjini mliofungiwa laini za aina hii, naomba kitu kimoja. Pigeni pingi za baiti 1472 na 1468 bila kuruhusu kugawanywa, mkiwa kwenye VLAN yenye tagi, mbandike majibu hapa chini pamoja na saa laini inapokata. Wa karibu na gati ahesabu na ngazi. Bamvua jingine linaanza Jumatano.