Ofa ya usaidizi chuoni Marekani: nisome nini kabla ya kutia sahihi?

Kutoka: mdogo wenu, Kahawa Wendani

Hamjambo ndugu zangu. Nilimaliza shahada ya kwanza hapa Nairobi mwaka jana, na juzi nimepata barua ya kukubaliwa kwa uzamili katika chuo kimoja cha Marekani. Wanasema nitakuwa msaidizi wa kufundisha, karo itasamehewa na nitapewa posho kila mwezi. Nyumbani wote wanasema nimepata skolashipu, na baba mdogo ameshaanza kupanga harambee ya tiketi. Natakiwa kujibu kufikia tarehe 15 Aprili. Nyinyi mliopita njia hiyo, niangalie nini?

Kutoka: dada yenu, Ngara

Mdogo wangu, hongera sana. Nilifanya kazi hiyo miaka minne kabla ya kurudi kufundisha hapa Nairobi, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Hiyo si skolashipu, ni ajira. Karo inasamehewa kwa sababu unafanya kazi, na mkataba usipoongezwa, msamaha nao unaondoka. Kaa chini na baba mdogo umweleze hivyo kabla kadi za harambee hazijachapishwa. Mimi sikueleza. Nilikuwa napigiwa simu saa nne usiku ya Nairobi, kwangu ikiwa saa nane mchana na wanafunzi wamekaa wananisubiri, naulizwa mbona pesa za Marekani hazifiki nyumbani. Mama aliumia akidhani nimebadilika, kumbe hakuwahi kuambiwa nalipwa kiasi gani na kinaenda wapi. Waonyeshe hesabu mapema.

Sasa tafuta kwenye barua wameandika saa ngapi kwa wiki. Mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, haruhusiwi kupita saa 20 kwa wiki ndani ya chuo wakati wa muhula. Mkataba wa saa 20 umemaliza ruhusa yote: huwezi kuongeza zamu za maktaba wala mkahawa wa chuo, na kazi ya nje bila kibali inaweza kukupotezea hadhi yako ya uanafunzi. Basi posho iliyoandikwa ndiyo utakayoishi nayo. Kama ni saa 10, uliza kama karo yote inasamehewa, maana mara nyingi huwa nusu. Halafu hesabu miezi. Mikataba mingi ni ya miezi tisa, Agosti hadi Mei. Kiangazi mshahara hukatika, ila mwenye nyumba anataka kodi yake kama kawaida.

Tena usichanganye karo na ada. Kinachosamehewa kwa kawaida ni karo ya masomo. Ada za huduma, za teknolojia, pengine na bima ya afya, zinaweza kubaki shingoni mwako. Muhula wangu wa kwanza nilifungua akaunti ya chuo nikakuta nadaiwa zaidi ya dola elfu moja, nami nilikuwa nimewaambia watu wote kwamba sitalipa chochote.

Mshahara wa kwanza ndio ulionitesa zaidi. Nilifika mwanzoni mwa Agosti, pesa ikaingia mwisho wa Septemba. Namba ya Social Security, ile ambayo mwajiri huitaka kwa mambo ya mshahara na ushuru, huiombi ukiwa Nairobi. Unaiomba ukishafika, na wanashauri usubiri kama siku 10 ili taarifa zako za kuingia nchini zionekane kwenye mitambo yao. Wakati huo mwenye nyumba ameshataka amana. Mkenya mwenzangu, mwanafunzi pia, alinilisha kwake wiki tatu, na sitamsahau. Kwa hiyo, harambee ikifanyika, isiwe ya tiketi peke yake. Kuna ada ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350, kuna ada ya viza kabla hujapanda kwenda Gigiri kwa mahojiano, na kuna miezi miwili ya kula na kulala. Hiyo miezi miwili ndiyo muhimu kuliko sherehe ya kukuaga.

Kazi yenyewe niliipenda mno. Nilipewa vikundi viwili vya majadiliano, na usahihishaji wote ukawa wangu. Nilikuwa nimefaulu vizuri hapa kwetu, lakini somo nililielewa kweli siku nilipotakiwa kumweleza kijana wa miaka 18 mahali hoja yake ilipovunjika, kwa maandishi, bila kumvunja moyo. Hata leo nafundisha hivyo. Lakini kazi hiyo humeza masomo yako usipokuwa macho. Mwanafunzi atakuja analia mlangoni usiku wa kuamkia mtihani wako mwenyewe. Andika saa zako kila wiki. Zikianza kupita zile za mkataba, mwendee mhadhiri mapema ukiwa na daftari mkononi. Mimi nilinyamaza muhula mzima nikiogopa kuonekana mvivu, na nikapata alama mbaya kwenye somo langu la msingi.

Kutoka: kaka yenu, Minnesota

Naongezea la ushuru, kwa kuwa watu huja kuniuliza likiwa limeshaharibika. Posho inatozwa ushuru. Wahindi niliokuwa nao maabara wanapata nafuu fulani kwa sababu nchi yao ina mkataba wa ushuru na Marekani, Kenya haina. Lakini makato ya Social Security (hifadhi ya jamii) na Medicare (bima ya afya ya wazee), jumla asilimia 7.65, kwa kawaida hayamhusu mwanafunzi wa F-1 katika miaka mitano ya kwanza ya kalenda. Ukiyaona kwenye hati ya malipo, nenda ofisi ya mishahara siku hiyohiyo. Fomu zako za ushuru za kila mwaka zitakuwa 1040-NR na 8843.

Kuhusu tarehe: vyuo vingi vimekubaliana kwamba mwanafunzi aliyepewa ofa ya fedha asilazimishwe kujibu kabla ya 15 Aprili. Muda huo ni wako, uutumie kuuliza. Na wadogo zetu wengine wanaosoma hapa, jueni kwamba idara nyingi huku huchukua mtu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza hadi uzamifu, na wa uzamifu ndio wanaopewa usaidizi kwanza.

Kutoka: mdogo wenu, Kahawa Wendani

Dada, kaka, asanteni. Nimeisoma tena barua usiku huu, polepole. Ni saa 10, na karo ni nusu. Nilikuwa nimeliona neno "msamaha" nikaishia hapo. Nimemwandikia mratibu wa idara: nusu nyingine ni kiasi gani, ada zipi zinabaki, bima analipa nani, mshahara wa kwanza unaingia tarehe ngapi, na kama kuna njia ya kufikisha saa 20. Baba mdogo nimemwomba asimamishe kadi hadi nijibiwe. Amekubali, ila anataka aione barua yenyewe, kwa hiyo Jumamosi nitaenda kumsomea mstari kwa mstari.