Basi "luxury" limejaa kunguni, halafu naambiwa NIMEKUJA NAO KUTOKA KWETU

Ngosha Mpole:
Wakuu, sina salamu. Salamu zimeishia Dodoma.

Naandika nimesimama kwenye korido ya basi usiku huu, tumetoka Manyoni tunaitafuta Singida. Nauli nimelipa ya kukaa mpaka Mwanza. Kiti kipo, tatizo kina wenyewe.

Ile kampuni mnaijua, sina haja ya kuitaja. Ile ambayo wapiga debe pale Mbezi wakiinadi wanakushika mkono kabisa: "Bosi, hii luxury, AC ipo, chaji ipo, maji bure." Hakuna aliyeniambia kwamba chakula ni mimi.

Chalinze nimeanza kujikuna kiuno, nikasema joto. Msamvu mgongo. Gairo shingo, sikio, na sehemu ambazo siwezi kuzitaja humu kuna watoto. Tulipoingia Dodoma nikawasha tochi ya simu, nikafunua kile kitambaa cheupe cha kuegemeza kichwa. Wakuu! Kwenye mshono wa kiti kuna vidoto vyeusi mstari mzima, magamba makavu, na katikati yake kajikalia mzee mmoja mnene, mwekundu, kashiba. Hata hakukimbia. Ile damu aliyobeba ni yangu, naijua.

Nikamwita mhudumu kwa adabu zote. "Mdogo wangu, hebu njoo uone." Dogo kavaa tai, anatafuna bigijii. Akamulika, akaniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani, akasema kwa sauti ambayo hata dereva aliisikia:

"Kaka, hawa umekuja nao kutoka kwenu. Gari letu linapigwa dawa."

KUTOKA KWETU!

Waliokuwa wanakoroma wakaamka kuniangalia. Bibi wa kiti cha mbele akavuta kikapu chake kutoka miguuni kwangu. Dada mmoja tulikuwa tunapiga stori tangu Kibaha, karanga tumegawana, namba nilikuwa nimeshaipata nusu. Akabeba pochi akahamia nyuma bila kuaga.

Umekuja nao! Yaani mimi nimeamka kwangu, nikakusanya kunguni, nikawaleta Mbezi, nikawapangia kiti hadi kiti. Na hiyo dawa anayoisema niliiona kabla hatujapanda, nikadhani marashi. Dogo huyo huyo kapita na kopo koridoni, psss huku, psss kule, "abiria ingieni." Kunguni wamepiga chafya, wakaendelea na maisha.

Kutoka kwetu, wakuu. Mbele za watu.

Bi Shangazi Tandika:
Pole mwanangu. Ila tuulizane tu taratibu, kwenu wapo au hawapo?

Ngosha Mpole:
Shangazi na wewe?! Kwangu hata mbu anabisha hodi!

Kisiki cha Mvule:
Uzi bila picha ni chai. Weka picha ya mzee kashiba.

Ngosha Mpole:
Niiname tena pale nipige picha? Wewe unanitakia mema kweli?

Anko Kiwembe:
Nimecheka mpaka mke wangu kaamka. "Namba nilikuwa nimeshaipata nusu." Mkuu, kunguni wamekuokoa, ungefika Mwanza huna hata nauli ya daladala.

Fundi Viti:
Acheni masihara kidogo. Kazi yangu ni kushona viti vya magari, na mabasi ya masafa nayavua nguo kila mwezi. Siku hizi kabla sijafungua kiti natandika turubai chini, maana najua kitakachomwagika.

Kunguni hakai pale abiria anapopaona. Anakaa pale sponji inapokutana na fremu, kwenye matundu ya skrubu, na nyuma ya lile plastiki la mgongo wa kiti. Ukipuliza kopo koridoni umemsumbua mende mpita njia tu. Na mayai yao yamegandishwa kwenye kitambaa, dawa nyingi haziyafanyi kitu. Wiki moja au mbili yameanguliwa, kikosi kipya kimeingia kazini. Na msitegemee kuwashindisha njaa kwa kupaki gari, mkubwa wao anakaa miezi bila kunywa damu.

Dawa yake ni kuvua viti vyote, kufyonza kwa mashine, kisha mvuke wa moto kwenye kila mshono. Joto la nyuzi 50 kwenda juu linaua mpaka yai. Halafu unarudia baada ya wiki mbili. Sasa mwambie tajiri alaze gari siku mbili! Tangu mabasi yaruhusiwe kutembea usiku mwaka 2023 ndiyo kabisa, linashusha asubuhi, jioni linapakia. Kiti hakipoi.

Ngosha Mpole:
Fundi, ubarikiwe. Sasa nani atamwambia huyu dogo? Kagawa maji gari zima, mimi kaniruka. Nimedai, kajibu, "Subiri kwanza ujikune umalize." Na bibi kacheka!

Pilato wa Kwimba:
Bibi kacheka, kesi imeisha. Wewe ndiye umewaleta.

Ngosha Mpole:
SIJAWALETA!

Kapteni Mstaafu:
Watoto wa siku hizi, kunguni wa basi unamfungulia uzi? Sisi bweni letu kunguni walikuwa wanajua ratiba. Taa zikizimwa tu, wanashuka kutoka darini kwa zamu. Kila Jumamosi chaga zote nje, maji ya moto, mafuta ya taa, magodoro juani. Jumamosi usiku tunalala, Jumapili wameshapata taarifa. Kuna mwenzetu alihamia kulala juu ya meza darasani, miguu ya meza kaiweka kwenye makopo ya maji. Akafaulu kuliko wote maana alikuwa anaamka anakuta kitabu.

Mtoto wa Kihesa:
Hata Ulaya wapo. Mwaka 2023 Ufaransa walilia kunguni kwenye treni na majumba ya sinema mpaka serikali ikaitisha vikao. Mwaka uliofuata wakapokea Olimpiki kama kawaida. Kwa hiyo Ngosha, wewe upo viwango vya Paris.

Mama Wawili:
Mimi naogopa, si wanasema kunguni anaambukiza UKIMWI?

Nesi wa Zamu:
Hapana dada, hiyo ni hadithi ya mtaani. Haambukizi UKIMWI. Anawasha, anakunyima usingizi, na ukijikuna na kucha chafu unapata vidonda. Basi.

Mleta uzi, ukifika usiingie na begi chumbani. Liache uani. Nguo zinazovumilia zichemshe, nyingine pasi ya moto hasa kwenye mishono na pindo. Begi lenyewe kagua zipu na mifuko ya ndani kwa tochi.

Ngosha Mpole:
Asante sana. Mmeona mtu mstaarabu? Hajaniuliza kama nimekuja nao.

Nesi wa Zamu:
Sasa mkuu, tusifichane. Kunguni haruki wala hapai. Anapanda begi la mtu. Kuna abiria aliwaleta, inawezekana wa jana, inawezekana wa mwezi uliopita.

Ngosha Mpole:
WA JANA! Someni hapo! Wa jana, siyo mimi!

Kisiki cha Mvule:
Na jana ulikuwa wapi?

Ngosha Mpole:
Kisiki, nakuheshimu.

Dada wa Nyegezi:
Afadhali kunguni ana adabu, anakunywa kimya. Mimi nilikaa na baba mmoja kavua viatu Msamvu, kavivaa Shinyanga. Nimefika naona maruweruwe. Nilipomwambia konda, kanijibu, "Fungua dirisha." Basi lenyewe la AC, madirisha hayafunguki!

Mama Wawili:
Na kuchimba dawa je? Gari linasimama porini, "dakika tano, wanaume kulia, wanawake kushoto." Kushoto hakuna hata mti! Kuna nyasi za kufika kwenye kifundo cha mguu. Tunafunikana khanga, lori linapita linapiga honi. Haya ndiyo ya kufungulia uzi, siyo mdudu.

Anko Kiwembe:
Ongezeni zile hoteli wanakosimama. Kile kipaja cha kuku kimezunguka kwenye sahani za watu tangu asubuhi. Kila gari linakiangalia, linakiacha.

Pilato wa Kwimba:
Turudi kwenye mada. Fundi, dawa ipi ya dukani inawamaliza? Nauliza kwa niaba ya rafiki.

Bi Shangazi Tandika:
Rafiki eti.

Fundi Viti:
Nyingi za makopo ni jamii moja, zimetengenezwa kiwandani kwa kuiga sumu ya pareto. Kunguni wengi wameshazizoea, na siyo hapa tu, dunia nzima. Ndiyo maana nawaambia mvuke.

Mtoto wa Kihesa:
Pareto hii hii ya kwetu Mufindi?

Fundi Viti:
Hiyo ni maua halisi. Hizi za makopo nyingi ni za kuigiza.

Mkulima Asiyelala:
Hapo kwenye pareto mmenigusa. Inataka baridi na mwinuko, msije mkapanda Kibaha. Maua yakianza, unachuma kila baada ya wiki mbili au tatu. Kazi iko kwenye kukausha, likiingia ukungu umelima bure.

Kapteni Mstaafu:
Miche au mbegu?

Mkulima Asiyelala:
Vyote vinawezekana, ila watu wengi kule wanagawanya mashina ya zamani wanapandikiza.

Ngosha Mpole:
Wakuu, tumeingia Nzega. Dogo kalala kwenye kiti changu. Kajifunika hadi koti.

Dada wa Nyegezi:
Mwache apumzike. Mkulima, ekari moja ya hiyo pareto inatoa kilo ngapi kavu?

Kapteni Mstaafu:
Na mnunuzi anakufuata shambani au unapeleka mwenyewe?