Watoto wa darasa la tano wanataka kuchora Mto Msimbazi, tuanzie wapi? Naombeni ushauri

Mwalimu_Bondeni:
Habari za jioni wadau. Mi nafundisha shule ya msingi huku Kigogo, Dar es Salaam, darasa la tano, na nataka watoto wafanye kazi moja kubwa ya sanaa kuhusu Mto Msimbazi maana wengi wao wanauvuka kila siku wakija shule na wanaujua kuliko hata mimi mwalimu wao. Nia ni kuitundika ukutani Siku ya Mazingira Duniani, tarehe 5 Juni, wazazi waje waione.

Sasa kuna jambo limeniumiza. Niliwaambia wajaribu kwanza kwenye daftari, kila mtu achore mto wetu. Karibu darasa zima wamenichorea maji ya bluu, samaki watatu, mnazi, na jua kwenye kona ya karatasi. Msimbazi gani huo jamani? Mtoto mmoja tu kachora maji meusi meusi na godoro linapita na nyumba ambayo maji yamefika dirishani, na wenzake wakamcheka wakamwambia kachora uchafu, hata mwalimu mwenzangu alipopita akasema huyo arudie achore kizuri. Mi naona yule ndo kachora mto. Ila sijui nawatoaje wale wengine kwenye minazi bila kuwaambia nini cha kuchora.

Halafu nilitaka watumie chupa na vifuniko vilivyojaa kule chini mtoni, lakini kwenye grupu la wazazi wameshaanza kulalamika. Na bajeti ya rangi hakuna kabisa. Mwenye uzoefu anisaidie.

Fundi_Hadibodi:
Mwalimu shikamoo. Mi nachora huku Msasani, zile picha za mtindo wa tingatinga, nimefundishwa na mjomba. Mtoto anachora mnazi kwasababu ndo mchoro aliowahi kuusifiwa, hajauangalia mto bado, kaangalia michoro ya watu wengine. Kwahiyo usimpe rangi kwanza. Mpe mkaa. Mkaa wa jikoni huo huo, kipande kidogo, na karatasi ya boksi. Ukiwa na mkaa tu hakuna bluu ya kukimbilia, inabidi uangalie kitu kina umbo gani na wapi pana giza.

Afu kata boksi utoboe dirisha dogo katikati, ukubwa wa kiganja, kila mtoto ashike chake achungulie humo achore kile tu anachokiona. Mmoja atapata nguzo ya daraja, mwingine mchicha wa bondeni, mwingine povu, mwingine kiroba kimenasa kwenye mti (na kile kiroba kilichonasa juu kinakuonyesha maji ya mafuriko yalifika wapi, waambie wakitafute). Wakirudi darasani ndo uwaulize maji ya leo yana rangi gani, wachanganye wenyewe mpaka waipate. Hapo utashangaa.

Kuhusu bajeti, kumbuka Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, aliyeanzisha mtindo huu, alipoanza mwaka 1968 hakuwa na turubai wala rangi za dukani za wasanii, alichukua vipande vya hadibodi (ubao mwembamba wa kugandamizwa) na rangi ya mafuta ile ya kawaida, akapaka rangi moja nyuma yote kisha akaweka mnyama wake mbele. Alifariki 1972, miaka michache tu ya kuchora, na mpaka leo tunakula kwa mkono wake. Ila watoto msiwape rangi ya mafuta, harufu kali na kutoa mikononi mpaka mafuta ya taa. Na yule mtoto wa godoro mwambie asibadilishe hata mstari.

Mama_Nasra:
Mwalimu naheshimu sana kazi yako ila hapo kwenye kuokota chupa mtoni naomba niseme kwa nguvu: HAPANA. Mi nimefanya kazi za afya kwenye mitaa ya bondeni. Mvua ikinyesha watu wanatapisha vyoo, yote yanaingia mle, bado maji ya viwanda na machinjio huko juu, bado chupa zilizovunjika na sindano. Mtoto akigusa yale maji kisha akatia mkono mdomoni ni kipindupindu, akiyakanyaga ni kichocho, ni kidonda kisichopona. Glovu hazitoshi, mtoto wa miaka kumi na moja atajikuna puani na glovu yake.

Taka za kutumia zipo kibao bila kushuka mtoni. Kila mtoto aje na vifuniko kutoka nyumbani, kwa mama ntilie, dukani kwa Mangi, vioshwe kwa sabuni, viloweke kwenye maji yenye jiki (jiki aweke mtu mzima, sio mtoto), visuuzwe, vianikwe juani mpaka vikauke. Ni taka zile zile, tofauti ni kwamba mmezikamata kabla hazijafika mtoni, na hilo kwangu ndo somo lenyewe.

Ile tarehe 5 Juni nayo haifai. Maandalizi yako yataangukia Aprili na Mei, masika yenyewe, watoto mnawapeleka darajani kuchungulia mto uliojaa? Wengine humu tulikuwepo Desemba 2011, tunajua Jangwani ilivyogeuka bahari na watu walivyopelekwa Mabwepande. Fanyeni Julai au Agosti, maji yako chini, ardhi kavu, msimame juu kwenye kingo za daraja na walimu wawili au zaidi, na barua kwa wazazi iende mapema ieleze wazi kwamba hakuna mtoto atakayeshuka. Ukiandika hivyo lile grupu litatulia, mi mzazi nakwambia.

Mjukuu_wa_Pugu:
Nimesoma yote nimefurahi sana, hii ndo mada ya watu kujadili. Niongeze moja. Watoto wa Kigogo wanaujua mto kwenye kipande chao tu, na kwenye kipande hicho mto umeshachoka. Msimbazi unaanzia huku kwetu milima ya Pugu, Kisarawe, unatembea kama kilomita 35, unapita Kinyerezi, unapita Vingunguti, unakuja kwenu, unaenda Jangwani, unatokea daraja la Salander kwenye mikoko na bahari. Huku juu kuna msitu na vijito ambavyo ukiona huwezi kuamini ni mto huo huo.

Kwahiyo msichore picha moja moja, chukueni kitambaa kirefu, amerikani au viroba vya sukari mvichane mviunge, mto wote uwe mmoja kutoka ukuta huu mpaka ule. Kila kikundi kipewe kipande chake. Mtu akipita anauona mto ukianza mweupe mwembamba na kila hatua kinaongezeka kitu ndani yake, na anaona kinaongezeka WAPI. Hiyo picha ya mtu mmoja mmoja haiwezi kuonyesha. Na Jangwani wachoreni zile nyumba zilizobomolewa kupisha mradi wa bonde la Msimbazi, kuna watoto hapo darasani wana ndugu waliohama.

Rangi mnazikanyaga. Pugu kuna udongo mweupe wa kaolini, tangu enzi za Mjerumani ulikuwa unachimbwa, ndo weupe wenu huo. Udongo mwekundu upo kila mahali, mkaa usage upate nyeusi, binzari manjano ya jikoni upate njano. Udongo ukaushe, uponde, uchekeche kwa kitenge mpaka uwe laini kama unga, changanya na gundi nyeupe ya mbao na maji kidogo. Inashika kwenye kitambaa vizuri tu, ila binzari inapauka ukiianika juani kwahiyo weka sehemu ya kivuli. Mto unachorwa kwa udongo wa mahali unapoanzia, hilo tu linatosha kuwafundisha.

Kijana_wa_Chupa:
Mi nakusanya chupa Tabata, nauza kwa kilo. Ombi langu mwalimu, chupa zenyewe msizipake rangi wala gundi. Chupa ya maji ikishapakwa rangi mnunuzi anaikataa, inakuwa takataka moja kwa moja, inarudi mtoni. Tumieni vifuniko na makorokoro yasiyonunuliwa, zile pakiti za biskuti na vifungashio. Chupa zitumieni kwa kufunga na kamba tu, maonyesho yakiisha zinafunguliwa zinauzwa, hela mnanunua brashi.

Na kuna kitu uwaonyeshe kwenye ndoo. Kata kipande cha chupa ya maji, tupia kwenye maji na kifuniko chake. Kipande kinazama, kifuniko kinaelea, maana ni plastiki mbili tofauti. Ndo maana ukienda ufukwe wa Coco vifuniko vimejaa mchangani, na chupa inayofika ni ile iliyofungwa ina hewa ndani, iliyo wazi ikishajaa maji inakaa chini. Watoto wakijua hivyo hata kwenye kile kitambaa watajua waweke nini juu ya maji na nini chini kwenye tope. Ah na msiyeyushe plastiki kwa moto kuunganisha, ule moshi mbaya sana, shoneni kwa sindano na nyuzi.

Mwalimu_Bondeni:
Wadau nimesoma kila neno, Mungu awabariki. Juni nimeiacha, tunafanya Agosti. Kitambaa kirefu nimekubali, na mtoni hatushuki, vifuniko vinatoka majumbani, barua naandika kesho. Kingine kimoja: hawa watoto wamezaliwa juzi, mifuko ya plastiki ya rambo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 wengine hawaikumbuki, lakini juzi mmoja kaniambia mabaki yake bado anayaona yakichomoza kwenye kingo mchanga ukimeguka. Nitamwachia hicho kipande achore yeye.

Swali la mwisho kwa Fundi. Mkuu wa shule anataka mwishoni mwa kitambaa, pale Salander, tuweke mto msafi wenye samaki ili wageni wafurahi. Nifanyeje?

Fundi_Hadibodi:
Mwalimu, Salander mikoko ipo kweli na ndege wapo kweli, wale weupe wenye shingo ndefu, wapeleke wakaone wachore hivyo hivyo na tope lake. Hapo mkuu atapata uzuri wake na hamtakuwa mmedanganya. Wakitaka kuchora mto wanaoutamani wapewe kitambaa kingine, kitundikwe ukuta wa pili, usiunganishwe na huu. Brashi kuukuu ninazo nyingi nimezisafisha, nicheki inboksi nikuletee wiki ijayo, na mkitundika wekeni chini ya baraza, rangi ya udongo mvua ikiipiga inaondoka.