Ametukatia watoto maziwa, halafu anaomba aongezewe maziwa kwenye chai!

Mama Pacha: Nimetoka mkutano wa wazazi sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Mheshimiwa yule yule, mnamjua, tumbo hufika mlangoni Jumatatu na mwenyewe Jumatano, amesimama akasema bajeti haitoshi, maziwa ya chekechea basi. Haya, tumesikia. Akaketi, akaletewa chai, akachungulia kikombe, akamwambia mpishi: "Hii mbona nyeusi? Niongezee maziwa." MBELE YETU! Mbele ya watoto waliopangwa mstari juani kumwimbia!

Pacha wangu wana miaka 4. Pakiti ile ndiyo huwatoa kitandani. Siku isiyo na maziwa nawakokota kama punda waliogoma. Na chekechea ni jukumu la kaunti tangu Katiba ya 2010, asitusukumie Nairobi. "Niongezee maziwa"! Yakaongezwa hadi yakamwagikia sahani, kisha akaopoa utando kwa kijiko, akautupa chini. Utando, jamani! Wanangu wangeugombania.

Kijana wa Stegi: Si wewe uliyemchezea kwenye kampeni mpaka kiatu kikakatika? Leso yake unayo.

Mama Pacha: Leso ni dekio sasa. Zungumzia chai.

Mzee wa Pembetatu: Sisi tulikunywa maziwa ya Nyayo, yale ya bure shuleni, Rais Moi alianzisha 1979. Pakiti ya pembe tatu, unang'ata ncha, ukimaliza unaipuliza na kuikanyaga, paa! Mwalimu anaruka.

Kijana wa Stegi: Na hayo pia si yalikatwa, mzee?

Mzee wa Pembetatu: Yalikatwa. Na KCC, kampuni ya ushirika iliyonunua maziwa yetu, ilipoanguka ilituacha wafugaji na madeni. Mimi hela zangu sijaziona hadi leo.

Bi Ng'ombe Watatu: Afadhali wewe ni zamani. Ushirika wetu haujatulipa tangu mwezi wa tatu, na bei ya chakula cha ng'ombe inapanda kila nikigeuka.

Wa Bodaboda: Na barabara je? Juzi mtungi wa lita 20 umenimwagikia shimoni, mteja anataka nimlipe mimi.

Mama Pacha: Jamani, CHAI! Amesema "niongezee maziwa" watoto wakimtazama!

Bi Ng'ombe Watatu: Pole, dada. Wa Bodaboda, huko kwenu lita mnalipwa ngapi?

Wa Bodaboda: Usiniulize, nitalia.