Nataka kusimulia hadithi kwa picha za mdoli, nianzie wapi?

Bi Ngamiani
Habarini wakuu. Binti yangu kaenda bweni, kaacha mdoli wake juu ya kabati, ule mwembamba wa plastiki, kimo chake hakijatimia urefu wa rula. Juzi nikifagia nikamketisha dirishani. Kivuli cha nondo za dirisha kikamwangukia usoni, nikasema huyu anamsubiri mtu. Basi jina nikampa Mwanaisha, na mumewe kaenda Pemba kwa jahazi, hajarudi.

Tangu siku hiyo nimepiga picha kama arobaini kwa simu na hakuna hata moja ya kumwonyesha mtu. Nikisogea karibu pua inaonekana, masikio yana ukungu. Nikirudi nyuma namwona mdoli kalala kwenye kochi langu, Mwanaisha simwoni. Akisimama anaanguka. Halafu anacheka muda wote, hata pale ninapotaka alie!

Sina kamera. Ninunue nini? Na msinicheke, nina miaka 46.

Mla Mihogo
Kucheka nimecheka kidogo, dada, samahani. Ila naweka mkeka hapa kwenye uzi, nina dubu wa manyoya nyumbani naye ana mambo yake.

Fundi wa Vipande
Dada, usinunue kitu. Mimi ni fundi cherehani Morogoro, nilianza haya kwa sababu ya vipande vya vitenge vilivyojaa chini ya meza. Nikaanza kuwavisha midoli, kisha nikaona waliovaa wanataka kwenda mahali.

Ukungu kwanza. Simu ikiwa karibu mno haiwezi kushika uso wote. Rudi nyuma kama nusu mita, vuta picha mara mbili, gusa jicho la mdoli kwenye kioo cha simu na ushikilie kidole mpaka itulie. Na ulale kifudifudi. Sisemi kwa mzaha. Ukimpiga ukiwa umesimama, picha ni ya mwenye nyumba anayetazama kitu kilichodondoka. Simu ikiwa usawa wa macho yake, chumba kinakuwa chake.

Vyombo: huyo wako nadhani ana sentimita 29 hivi, yaani mtu mzima gawanya kwa sita. Kila kitu kigawe kwa sita. Kiti cha sentimita 45 kwake ni saba na nusu. Kizibo cha soda kikigeuzwa ni sahani, kiberiti ni kisanduku cha nguo. Ndiyo maana kochi lako linamuumbua, lile kwake ni kama ghala. Mweke mbali na ukuta, nyuma yake tandika mkeka au kitambaa kisicho na maua.

Kanga usimvalishe ya kweli, ua moja litammaliza kifua chote. Tafuta kitambaa chepesi cha maua madogo. Halafu nguo ya mdoli ina kiburi, hailali mwilini, inasimama kama karatasi. Iloweshe, mfunge nayo kwa uzi kiunoni na magotini, mwache alale hivyo hadi asubuhi. Ukifungua uzi, mikunjo inashuka kama ya mtu.

Kusimama: chukua waya ule wa kufungia nondo kwenye ujenzi, kunja uzungushe mguu kwa nyuma, ncha nyingine uichomeke kwenye soli ya ndala kuukuu. Gauni linaficha waya, mchanga unaficha ndala.

Kicheko sasa. Hapo ndipo wengi wanakwama, na mimi nilikwama miezi. Uso haubadiliki, basi acha kuutegemea. Mpige kwa mgongo. Mpige mkono tu, uko juu ya meza. Inamisha kichwa, nusu ya uso iingie gizani. Kinywa kisipoonekana hakicheki. Dirisha likiwa ubavuni kwake, weka karatasi nyeupe upande wa pili kama giza limezidi. Fleshi ya simu isahau kabisa, inamrudisha dukani.

La mwisho, na naona ndilo linalokosekana. Kusubiri peke yake ni picha moja. Hadithi inataka kitu kibadilike. Kabla ya kushika simu, chora viboksi sita kwenye daftari, hata kwa vijiti. Kiboksi cha kwanza mezani kuna sahani mbili. Cha sita zibaki ngapi? Ukilijua hilo, utajua upige nini katikati.

Babu wa Pangani
Bi Ngamiani, mwanangu, anayekucheka ni mtoto. Sisi mwanzoni mwa miaka ya 70 tulikuwa tunagombea jarida la *African Film*, la yule mpelelezi Lance Spearman na kofia yake. Lilikuwa picha tupu za watu, maneno yamo kwenye vipovu. Unakuta ukurasa umeishia mlango unafunguka, humwoni anayeingia, lazima ugeuze. Jaribu hivyo. Na kuhusu umri, kule Marekani mwandishi mmoja, Dare Wright, alimpiga picha mdoli wake wa utotoni pamoja na dubu wawili, kitabu kikatoka 1957 naye keshavuka arobaini.

Bi Ngamiani
Shikamoo babu. Fundi, asante sana kwa darasa.

Jana nimelala sakafuni saa nzima, jirani kagonga akidhani naumwa. Mkeka nyuma, vizibo viwili mezani. Nikaona niweke ugali wa kweli, kidonge kimoja kila sahani. Sisimizi hawakuchelewa! Kwenye picha sisimizi mmoja anaonekana kama panya anapanda meza. Nimerudia kwa ugali wa mshumaa.

Nimepata picha tano. Ya tano sahani moja ni tupu, nyingine imefunikwa kawa. Kawa nimeisuka mwenyewe kwa ukindu niliouchana mwembamba mwembamba, vidole vinauma mpaka sasa. Mwanaisha anaonekana mgongo tu.

Nimekwama ya sita. Nataka mume arudi, lakini mdoli wa kiume sina.

Fundi wa Vipande
Wa nini? Kata kandambili mbili ndogo kwenye ile ndala, ziloweshe maji ya chumvi, ziweke mlangoni.

Mla Mihogo
Na kawa iwe imefunuliwa.